Mgeni na Kamera Yake Katika Pwani ya Chwaka

Jioni hii nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya mgeni aliyehamia Chwaka, na juu ya kazi ya kupiga picha, ambayo mgeni huyo aipenda sana. Mgeni mwenyewe ndiye mimi. Kiswahili nalijifunza ukubwani, kwa hiyo nitakapojikwaa mtaniwia radhi. Wala sikuja kuwasimulia wenyeji habari za mji wao kana kwamba hawaujui. Nia yangu ni kueleza jambo moja nililojifunza kwenu, nami nalijifunza kwa hasara: ya kuwa sura ya mtu ni mali yake, na picha yake ni amana mkononi mwa aliyeipiga.

Kwa ajili ya msikilizaji aliye mbali, nianze kwa kueleza mahali penyewe. Chwaka ni mji wa wavuvi na wakulima, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja. Kutoka Mji Mkongwe hata huko ni mwendo wa maili ishirini hivi. Barabara yapita Dunga, palipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, lililojengwa kati ya mwaka 1846 na 1856. Kisha yaendelea mbele hata bahari yaonekana. Bahari hiyo ni ghuba pana, na ng'ambo yake ni rasi ya Michamvi. Upande wa kusini wa ghuba imeota mikoko mingi, na ghuba hiyo pamoja na msitu wa Jozani vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Zamani za utawala wa Kiingereza, maofisa waliochoshwa na joto la mjini walikuwa wakija Chwaka kupunga upepo. Basi mgeni si kioja katika mji huu. Wenyeji wamekwisha kuwaona wageni wa kila namna, nao wajua kuwapima.

Mimi natoka katika nchi ya baridi, kaskazini ya Ulaya. Kwetu, wakati wa baridi kali, jua huchelewa kuchomoza, nalo huzama mapema, hata watoto huenda skuli gizani na kurudi gizani. Nilipopata nyumba ya kupanga Chwaka, karibu na pwani, nalijiambia moyoni: Hapa kazi ya picha itakuwa rahisi, maana kazi hiyo ni nuru, na nuru hapa ni bure tangu asubuhi hata jioni. Jina lenyewe la kazi hiyo katika lugha za Ulaya limetoka katika Kiyunani cha kale, na maana yake ni kuandika kwa nuru. Basi nalidhani kwamba penye wino mwingi mwandishi hawezi kukosea. Nalikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa juu ya jua, na la pili lilikuwa juu ya watu. Nitayaeleza yote mawili, nikianza na lile dogo.

Siku za kwanza nalikuwa nikitoka saa sita mchana, jua likiwa utosini. Nalipiga picha za wavuvi, za ngalawa, na za watoto wakicheza mchangani baada ya kupata ruhusa ya wazee wao. Nilipozitazama nyumbani nalisikitika. Macho ya watu yalikuwa kama mashimo, kwa sababu jua lililo juu kabisa hutupa kivuli cha paji la uso juu ya macho. Nyuso zilikuwa giza tupu, hazionyeshi tabasamu wala makunyanzi, hali mchanga waliosimama juu yake waonekana vizuri. Sababu yake ni hii. Mchanga wa Chwaka ni mweupe, nao hurudisha nuru nyingi. Kamera ina kipimo cha nuru ndani yake, na kipimo hicho hakina akili. Kikiona weupe mwingi hudhani kwamba nuru imezidi. Hupunguza nuru iingiayo, na apataye hasara ni mtu aliyesimama katikati. Dawa yake si ngumu. Mkaribie mtu, upime nuru ya uso wake, usipime ya mchanga. Au umwombe akae penye kivuli cha mkungu au cha baraza, ambapo nuru ni laini.

Na jambo hili lina historia yake katika dunia. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, watengenezaji wa filamu za rangi, na mafundi wa kusafisha picha katika Marekani na Ulaya, walikuwa wakipima usahihi wa rangi kwa picha ya mwanamke wa Kizungu. Uso wake ukitoka vizuri, kazi huhesabiwa kuwa njema. Watu weusi waliopigwa picha kwa filamu hizo mara nyingi walitoka giza, na wengine wakadhani kwamba kosa ni la sura zao. Kosa halikuwa lao; lilikuwa la kipimo. Chombo hufuata macho ya yule aliyekitengeneza, na mtumiaji asiyelijua jambo hilo huendeleza kosa la mwenzake bila ya kukusudia.

Lakini aliyenifundisha dawa bora kuliko zote hakuwa fundi wa picha. Alikuwa mzee mmoja mvuvi, jirani yangu, aliyezoea kunitazama nikihangaika juani. Siku moja aliniambia, "Bwana, jua likiwa kali hata kuku hutafuta kivuli. Wewe wafuata nini mchana huu? Njoo alfajiri."

Nikaenda alfajiri. Chwaka yaelekea mashariki, kwa hiyo jua huchomoza upande wa ghuba. Saa kumi na mbili na nusu nuru yake hulala juu ya maji, huingia chini ya makuti ya mabanda, nayo huufikia uso wa mtu mpaka ndani ya macho. Dikoni palikuwa na watu. Wavuvi walikuwa wakishusha tasi na changu na pono, na mnadi akitaja bei, na wachuuzi wakinyamaza kimya kila mmoja akingoja mwenzake apandishe. Kila uso ulikuwa na habari yake. Nalielewa ya kuwa kwa muda wa wiki nzima nalikuwa nikitafuta picha wakati ambapo mji umelala.

Tangu siku ile nalianza kufuata saa mbili za Chwaka, yaani jua na maji. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua. Maji hujaa sana na kutoka sana. Kati ya bamvua na bamvua huwa maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Ghuba ya Chwaka haina kina kirefu, kwa hiyo maji ya bamvua yakitoka, huacha uwanda mkubwa wa mchanga na majani, na mtu aweza kutembea mbali sana. Ndipo watu hushuka: mwenye kuchokoa pweza na fimbo yake, mwenye kutafuta chaza, na akina mama waendao katika mashamba ya mwani. Ukulima wa mwani kwa biashara ulianza katika pwani hii ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, huviacha vikue, kisha huvuna, hukausha juani, na mwani huo huuzwa nchi za nje, ambako hutolewa kitu cha kuzidishia uzito vyakula na dawa za meno. Ni kazi ya kuinama majini kwa saa nyingi. Mtu aonaye picha yake tu husema, "Ee, pwani nzuri!" Aliyeinama pale ajua mgongo wake wasemaje.

Majira nayo yalinifundisha. Wakati wa kaskazi kuna joto. Wakati wa kusi upepo hupeperusha mchanga, na chembe moja ikiingia kamerani yaweza kukwaruza kioo. Wakati wa masika kila kitu hupata unyevu, na kuvu huota ndani ya kioo cha kamera kama kiotavyo juu ya mkate. Nalipoteza kioo kimoja kwa sababu nalikifungia katika mkoba wa ngozi kwa mwezi mzima, nikidhani nakihifadhi. Kuvu hupenda giza na unyevu. Kioo kikae pakavu penye hewa, na baada ya kutoka pwani kifutwe chumvi kwa kitambaa laini.

Hayo ndiyo makosa ya kazi, nayo hurekebishwa. Sasa nije katika lile kosa kubwa.

Karibu na nyumba yangu alikuwako bibi mmoja mkongwe, aliyezoea kukaa chini ya mkungu akiponda makumbi. Kazi hiyo wengi wenu mwaijua. Makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi mingi hata yaoze na kulainika; kisha hufukuliwa, huoshwa, hupondwa kwa mti mpaka nyuzi zijitenge, na nyuzi hizo, ziitwazo usumba, husokotwa kuwa kamba. Bibi yule aliponda kwa mapigo ya taratibu, hayabadiliki, kama mtu ahesabuye. Asubuhi moja nuru ilikuwa imempata vizuri. Nalikuwa mbali kidogo, nyuma ya ngalawa iliyopandishwa pwani. Sikumwita wala sikumwamkia. Naliinua kamera nikampiga picha kimyakimya, kama mwizi.

Mtoto mmoja akapaza sauti, "Bibi, wapigwa picha!" Yule bibi akavuta kanga yake akajifunika uso. Kisha akaniita kwa mkono.

"Mwanangu, njoo."

Nikaenda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie. Ukija nyumbani kwangu wafanyaje mlangoni?"

"Napiga hodi, bibi."

"Na nisipoitika?"

"Narudi zangu."

"Basi uso wangu umeuona hauna mlango, hata ukaingia bila ya hodi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi kuliko hasira. "Mimi sijafika hata Dar es Salaam. Mbona uso wangu ufike Ulaya, nami nipo hapa naponda makumbi? Wataulizana huko, Nani huyu? Utawajibu nini, nawe hata jina langu hulijui?"

Ilikuwa kweli. Nalikuwa nimekaa miezi mitatu umbali wa hatua hamsini kutoka kwake, wala jina lake sikulijua. Nalimwonyesha ile picha nyuma ya kamera, nikaifuta mbele ya macho yake, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini usinipige tena." Akaokota mti wake akaendelea na kazi.

Maneno yale hayakuniacha. Nilipokwenda mjini nalianza kuzitazama kwa makini picha za kale za Unguja, kwa kuwa nalitaka kujua wageni walionitangulia na kamera zao walifanyaje.

Ufundi wa picha ulitangazwa kwa watu wote mjini Paris mwaka 1839. Miaka 21 tu baadaye, yaani mwaka 1860, Mskoti aitwaye James Augustus Grant alifika Unguja pamoja na John Speke, wakiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile, nao Sayyid Majid ndiye aliyekuwa mtawala. Grant alipiga picha hapa, na picha hizo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za Unguja zilizobaki. Kazi haikuwa kama ya leo. Mpiga picha alipaka dawa juu ya kipande cha kioo, akakitia kamerani kingali kibichi, akakisafisha upesi ndani ya hema la giza kabla hakijakauka. Joto la hema lilikuwa kali hata Speke akahofia kwamba kazi hiyo itamwua mwenzake. Basi bara picha ziliachwa, Grant akachora kwa mkono. Baada yake alikuja Doktari John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 na baadaye akawa balozi wa Kiingereza, naye pia alikuwa mpiga picha. Kisha mafundi wenye maduka yao walikaa Mji Mkongwe, na wengi wao walikuwa Wagoa. Majina ya Gomes, Coutinho na de Lord yaonekana katika picha nyingi na katika kadi za posta zilizouzwa kwa abiria wa meli.

Nalizitazama kadi hizo moja moja. Nyumba zaonekana, majahazi yaonekana, wachukuzi wa karafuu waonekana, na wanawake waliovaa kanga. Chini yake pameandikwa kwa lugha ya kigeni maneno kama haya: Mwanamke wa Kiswahili, Wachukuzi, Watu wa Unguja. Jina la fundi lipo. Jina la mtu aliyepigwa mara nyingi halipo. Huyo mwanamke alikuwa mtoto wa nani? Alikaa mtaa gani? Labda yuko kijana Unguja leo hii ambaye yule ni bibi wa bibi yake, naye ameiona picha ile ikiuzwa dukani, akapita bila ya kujua. Sura imebaki, mtu amepotea. Ndipo nikafahamu yale aliyoniuliza bibi yangu wa Chwaka: "Wataulizana, Nani huyu?"

Lakini naliona pia picha za namna nyingine. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, mtu wa asili ya Bara Hindi, alifungua duka lake la picha katika Mji Mkongwe, akaliita Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaendeleza kazi hiyo baada yake. Katika duka la namna hiyo mambo yalikuwa kinyume. Mtu alikwenda mwenyewe kwa miguu yake. Alivaa kanzu yake njema, au alisuka nywele zake, akachagua kusimama au kukaa, akalipa, na picha akaenda nayo kwake akaitundika ukutani. Wote ni watu wa kisiwa kimoja, na kamera ni kamera. Tofauti ni hodi. Hapa mwenye sura ndiye aliyeamua.

Basi nalirudi Chwaka nikajiwekea masharti. Kwanza nalikwenda kwa sheha nikamweleza kazi yangu, jambo nililopasa kulifanya siku ya kwanza. Kisha nikaazimia: sitapiga picha ya mtu ila baada ya kuamkiana naye na kumwuliza, akikataa, nitamshukuru sawasawa na aliyekubali, akikubali, nitamletea nakala yake juu ya karatasi kabla sijamwonyesha mtu mwingine, na nyuma ya kila nakala nitaandika jina, mahali na tarehe. Wakati wa sala, na wakati wa msiba, kamera itakaa nyumbani.

Nalidhani kwamba masharti hayo yatanipunguzia picha. Yalinizidishia. Waswahili husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, maana walijua ningelima vibaya. Walinipa kazi ya kamera. Mwalimu aliniita niwapige picha wanafunzi wanaomaliza skuli. Fundi aliniita siku aliposhusha majini ngalawa aliyoichonga kwa miezi mitatu. Mzee jirani yangu alitaka picha yake akifuma dema, ili amtumie mwanawe aliyeko Maskati. Na mwana akajibu kwamba ameitundika juu ya kitanda chake. Kila nilipokwenda mjini nalirudi na bahasha ya nakala, na watu wakaanza kuniuliza, "Bwana, yangu iko wapi?" Hapo naliona kwamba nimeanza kukaa Chwaka. Kabla ya hapo nalikuwa nimepanga nyumba tu.

Yule bibi alikuwa akiyatazama hayo yote kutoka chini ya mkungu wake. Kila asubuhi nalimwamkia, naye aliitika. Miezi ikapita. Siku moja akaniita.

"Yule mzee umempa picha yake?"

"Nimempa, bibi."

"Na kwenu Ulaya hukuipeleka?"

"Nalimwuliza kwanza. Alisema apewe mwanawe tu, basi sikuipeleka kwingine."

Akanyamaza kwa muda, huku akisokota. Kisha akasema, "Uso wangu ni wangu, nao sijakupa. Lakini piga mikono yangu. Mikono hii imelea watoto sita kwa kamba. Kazi hii wasichana wa leo hawaitaki, nami siwalaumu. Lakini waone ilivyofanywa."

Nalimpiga picha mikono yake kwa asubuhi nne, akiniagiza mwenyewe. Aliniambia mahali pa kukaa na wakati wa kungoja. Nalipiga mikono ikifukua makumbi topeni, mikono ikiponda, ikichambua usumba, ikisokota nyuzi mbili kati ya viganja mpaka zikawa kamba moja. Nilipomletea nakala alizipanga juu ya mkeka kwa utaratibu wa kazi, akaipata moja iliyokuwa si mahali pake, akairekebisha. Nyuma nikaandika jina lake, kwa idhini yake. Hilo jina sitalitaja hapa, maana idhini ile haikuwa ya redio.

Masika yaliyofuata aliugua, na kabla mvua hazijakwisha alifariki, Mungu amrehemu. Matanga yalipokwisha, nalisikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa binti yake akaaye mjini. Nikamkaribisha barazani. Alisema, "Bwana, watu husema kwamba umewapiga picha watu wote wa Chwaka. Mama hana picha ila ile ndogo ya kitambulisho, nayo imefifia. Watoto wangu wadogo watamsahau. Twaomba, kama unayo sura yake, utupe."

Wasikilizaji, nalikuwa na mamia ya picha ndani ya nyumba ile. Nalikuwa na picha za mawingu, na za ngalawa, na za kaa wa mikokoni. Ile moja niliyoombwa sikuwa nayo. Nalimweleza ukweli wote: kwamba nalimpiga mama yake bila ya hodi, akanikataza, nikaifuta mbele yake, na kwamba kama ningeanza kwa adabu, pengine siku moja angenikubalia uso wake kama alivyonikubalia mikono. Kuifuta ilikuwa haki. Kosa lilitangulia, nalo ndilo lililowanyima watoto wale sura ya bibi yao.

Kisha nalimletea zile picha za mikono. Alizitazama kimya. Akaweka kidole juu ya kovu lililokuwa karibu na kidole gumba cha mama yake, akasema, "Hapa alikatwa na chaza, mwaka niliozaliwa mimi." Akazichukua zote kwa watoto wake, akaniachia moja. Nayo ni ile ya viganja viwili na kamba ikitoka kati yake. Ipo ukutani kwangu, na jina nyuma yake.

Sasa nina neno kwa nyinyi wanafunzi. Mwaweza kusema, Hayo ni mambo ya wageni na kamera kubwa. Sivyo. Siku hizi simu ya mkononi ina kamera, na kijana wa Chwaka aweza kumpiga picha jirani yake na kuipeleka Maskati au London kabla jirani hajageuka. Zamani picha mbaya ilichanwa, mambo yakaisha. Leo ikitoka mkononi mwako hairudi; maji yakimwagika hayazoleki. Basi hodi imekuwa wajibu wa kila mtu, mwenyeji na mgeni.

Lakini msiyaelewe maneno yangu kuwa ni kukataza. Mimi nawaambia pigeni picha, tena anzeni leo. Nendeni kwa babu na bibi zenu, mkae nao, mwaamkie, mwaombe. Akikubali uso, piga uso. Akikubali mikono, piga mikono. Mweke kivulini asubuhi, mkaribie, mngoje. Ukimaliza, andika jina lake, na la baba yake, na mahali, na tarehe, na kazi aliyokuwa akiifanya. Kisha nakala moja iwe juu ya karatasi, maana simu huanguka majini. Msiwaache watoto watakaozaliwa baadaye wakiuliza, Nani huyu?

Naishukuru Chwaka kwa kunipokea, na kwa kunifundisha nilipostahili kufukuzwa. Kesho alfajiri ni bamvua, na mzee jirani yangu ameniahidi kunichukua chomboni mwake. Nimemwuliza kama niende na kamera. Amesema nije nayo, lakini kwanza nitashika kasia.